Hesabu za Kituoni: Kwa Nini Mabasi Huja Mawili Mawili

Miongoni mwa malalamiko ya wakazi wa miji, hakuna lililozoeleka kuliko lile la basi lililongojewa muda mrefu, na hatimaye likafika likiwa limejaa hadi mlangoni, huku jingine la njia ile ile likilifuata kwa nyuma karibu tupu. Malalamiko hayo husikika Dar es Salaam na Nairobi, na husikika vile vile London, Lima na Bogotá, ambako barabara, magari na vipato vya watu ni tofauti kabisa. Jambo linalotokea kila mahali, katika hali zinazotofautiana kiasi hicho, haliwezi kuelezwa kwa uzembe wa dereva mmoja wala kwa ubovu wa shirika moja. Lina chanzo chake, na chanzo hicho kimechunguzwa na wataalamu wa hesabu kwa zaidi ya miaka 60.

Matokeo ya uchunguzi huo yanaweza kuelezwa kwa maneno machache. Adha ya abiria haitokani na uchache wa mabasi peke yake. Sehemu kubwa ya adha hiyo hutokana na mapengo ya muda yasiyo sawa kati ya basi na basi. Mji unaweza kununua mabasi mengi na bado wakazi wake wakaendelea kungoja, endapo mapengo hayo hayakusawazishwa. Ili jambo hili lieleweke, yafaa kuanza na hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuikamilisha.

Wastani wa ofisini na wastani wa kituoni

Chukua mfano wa njia moja yenye mabasi 6 kwa saa. Msimamizi wa njia hiyo, akiwa ofisini, atasema kwamba basi hupita kila baada ya dakika 10, na kwamba abiria anayefika kituoni wakati wowote hungoja dakika 5 kwa wastani. Maneno yake ni kweli iwapo mapengo yote ni ya dakika 10 kamili.

Sasa chukulia kwamba mabasi hayo hayo 6 yanapita kwa mapengo ya dakika 18, kisha 2, kisha 18, kisha 2, na kuendelea hivyo. Idadi kwa saa haikubadilika, na katika daftari la ofisi pengo la wastani ni dakika 10 kama mwanzo. Kituoni mambo ni mengine. Ikiwa abiria mmoja hufika kila dakika, basi katika kila dakika 20 watafika abiria 20. Kati yao, 18 watafika ndani ya pengo refu na kungoja dakika 9 kwa wastani. 2 tu ndio watakaobahatika kufika ndani ya pengo fupi na kungoja dakika 1. Jumla ya muda wa kungoja ni dakika 164, na ukiigawanya kwa abiria 20 utapata dakika 8.2 kwa kila mmoja. Muda wa kungoja umeongezeka kwa karibu theluthi mbili, ilhali hakuna basi hata moja lililoondolewa barabarani.

Hesabu hiyo hiyo yaeleza msongamano. Basi linalofuata pengo refu huchukua abiria 18, na linalofuata pengo fupi huchukua abiria 2. Msimamizi hugawanya na kupata wastani wa abiria 10 kwa basi, na kwa haki kabisa huandika katika taarifa yake kwamba nafasi zipo. Lakini abiria wakiulizwa mmoja mmoja, 18 kati ya 20 watajibu kwamba wamesafiri katika basi lililojaa. Pande zote mbili zinasema kweli. Msimamizi anahesabu mabasi, abiria wanahesabiana wao wenyewe. Na kwa kuwa pengo refu huwakusanya watu wengi kuliko pengo fupi, shida ndiyo inayopata mashahidi wengi.

Mwaka 1957 mtaalamu wa Uingereza aitwaye P. I. Welding aliieleza kanuni hii katika jarida la utafiti. Wastani wa kungoja ni nusu ya pengo la wastani, pamoja na nyongeza inayotegemea jinsi mapengo yanavyotofautiana. Nyongeza hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha tofauti, maana yake ni kwamba tofauti ikiwa maradufu, nyongeza huwa mara nne. Ndiyo sababu njia yenye mabasi machache yanayofuata saa yaweza kuwafaa watu kuliko njia yenye mabasi mengi yanayokwenda ovyo.

Jinsi dakika moja inavyozaa nyingine

Swali linalofuata ni kwa nini mapengo hayabaki sawa, hata pale mabasi yanapoondoka kituo cha mwanzo kwa kufuata saa. Jibu lilitolewa mwaka 1964 na wanahisabati wawili, G. F. Newell na R. B. Potts, walioonyesha kwamba mfululizo wa mabasi ni kitu kisicho imara kwa maumbile yake. Ucheleweshaji mdogo haupungui wenyewe kadiri safari inavyoendelea, hukua.

Chukua mfano wa mabasi yanayopishana kwa dakika 5, katika njia ambayo abiria 3 hufika kila kituo kwa dakika, na kila abiria hutumia sekunde 4 kupanda. Katika hali ya kawaida basi hukuta abiria 15 na kusimama kwa dakika moja. Sasa basi moja linacheleweshwa kwa dakika moja tu, pengine na mkokoteni uliokatisha barabara, au na abiria anayetafuta chenji. Likifika kituo kinachofuata litakuta abiria 18 badala ya 15, na kusimama sekunde 12 zaidi. Kwa hiyo linakwenda kituo cha pili likiwa limechelewa kwa dakika moja na sekunde 12, na huko nako wamekusanyika wengi zaidi. Baada ya vituo vitano, ile dakika moja imekuwa karibu dakika mbili na nusu.

Basi la nyuma nalo hupatwa na kinyume chake. Kwa kuwa la mbele limewachukua karibu watu wote, lenyewe hukuta abiria wachache, husimama kidogo, na kuwahi. Ukizifuata hesabu hizi kituo hadi kituo utaona kwamba baada ya vituo vitano pengo kati ya mabasi hayo mawili, lililokuwa dakika 5, limebaki chini ya nusu dakika. Yamekutana. Tangu hapo yataandamana hadi mwisho wa njia, la mbele likihema kwa uzito na la nyuma likifuata karibu tupu, huku nyuma yao pengo kubwa likizidi kujaza watu vituoni.

Katika mfano huu hakuna aliyefanya kosa. Dereva hakuzembea, fundi hakuharibu gari, wala abiria hakuwa mkaidi. Kilichohitajika ni dakika moja tu, na katika mji wowote dakika moja hupatikana bila kutafutwa. Mfano huu pia unaonyesha mahali pa kutafuta dawa. Kasi ya kukua kwa ucheleweshaji inategemea muda anaoutumia kila abiria kupanda. Ikiwa muda huo utapunguzwa kutoka sekunde 4 hadi sekunde 1, ile dakika moja, baada ya vituo vitano, itakuwa dakika moja na sekunde 17 tu.

Dereva anayelipwa kwa kichwa

Hadi hapa imechukuliwa kwamba dereva hana maslahi katika pengo la mbele yake wala la nyuma yake. Katika miji mingi ya dunia hali sivyo ilivyo, na historia ya Dar es Salaam ni mfano mzuri. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 kazi zake ziligawanywa: Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likabaki na mabasi ya mjini. Katika shirika hilo dereva na kondakta walikuwa watu wa mshahara. Wakazi wa umri wa kutosha wanayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyoitwa kumbakumba kwa jinsi yalivyozoa watu. Lakini uhaba wa fedha za kigeni na wa vipuri uliyaacha mabasi mengi gereji, na mji ulikuwa ukikua upesi. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, na magari yakapata jina la daladala. Nairobi ilitangulia kwa miaka 10: matatu, ambazo jina lake latokana na nauli ya zamani ya sarafu tatu za senti 10, ziliruhusiwa rasmi mwaka 1973.

Utaratibu wa daladala ni kwamba dereva hupewa gari asubuhi, na jioni humkabidhi mwenye gari kiasi kilichokubaliwa, kinachojulikana kama hesabu. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho riziki ya dereva na konda. Katika utaratibu huu kila abiria ni shilingi, na pengo lililo mbele ya gari ni shamba linalongoja kuvunwa. Dereva akihisi kwamba mwenzake amepita sasa hivi, atasita kituoni huku mpiga debe akiita watu, ili pengo likue. Akimwona mwenzake anakuja kwa nyuma, ataondoka kwa kasi na kuvipita vituo viwili vitatu. Jioni, abiria wakiwa wengi upande mmoja tu, gari hukatisha ruti na kugeuza kabla ya mwisho wa njia. Na mwanafunzi, ambaye nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima ilhali kiti anachokalia ni kile kile, huachwa kituoni akisikia kwamba wanafunzi wamekwisha tosha.

Katika stendi za Nairobi na za Kampala kuna namna nyingine ya jambo hilo: gari haliondoki mpaka lijae. Katika gari la abiria 14, ikiwa mtu mmoja hufika kila dakika, wa kwanza atakaa kitini dakika 13 kabla ya safari kuanza. Saa za mchana, ambapo mtu mmoja hufika kila dakika 3, atakaa dakika 39. Yule aliyeko njiani, vituo vitatu mbele, huona magari yakimpita yote yakiwa yamejaa. Kwake yeye hata wastani hauna maana, kwa kuwa hajui ni gari la ngapi litakalokuwa na nafasi.

Wakazi wa Amerika ya Kusini waliliita jambo hili kwa jina linalolingana nalo. Huko Bogotá, kabla ya mageuzi ya mwaka 2000, ushindani wa madereva ulijulikana kama vita ya senti. Huko Lima walitokea watu wenye kazi ya ajabu: husimama kando ya barabara wakiwa na daftari na kalamu, wakiandika saa ya kila basi linalopita. Dereva akifika humrushia mmoja wao sarafu, naye humwambia basi lililotangulia limepita dakika ngapi zilizopita. Wanaitwa dateros, yaani wauza taarifa. Santiago, mji mkuu wa Chile, ilikuwa na watu wa namna hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, pengo kati ya mabasi lilikuwa na thamani ya fedha, na lilipata soko lake kabla halijapata wizara.

Santiago iliwapa watafiti nafasi adimu, kwa sababu kwa wakati mmoja baadhi ya madereva walilipwa kwa idadi ya abiria na wengine walilipwa mshahara usiobadilika, katika njia zinazofanana. Watafiti watatu, Johnson, Reiley na Muñoz, walilinganisha makundi hayo mawili. Msomaji angetarajia kwamba madereva wanaogombea abiria ndio waliowangojesha watu zaidi. Ikawa kinyume: katika njia za mshahara abiria alingoja takriban asilimia 10 zaidi, kwa sababu dereva wa mshahara hakuwa na haja ya kujitenga na mwenzake, na mabasi yaliandamana. Dereva wa abiria, akisaidiwa na wauza taarifa, alijitahidi kuacha pengo. Lakini ziko gharama upande wa pili. Madereva waliolipwa kwa abiria walipata ajali zaidi kwa takriban asilimia 67 kwa kila kilometa waliyoendesha.

Matokeo haya yanastahili kufikiriwa kwa makini na kila anayepanga usafiri. Yanaonyesha kwamba kumwondoa dereva katika mbio na kumpa mshahara ni jambo la kulinda uhai, lakini halitoshi kusawazisha mapengo. Kazi ambayo wauza taarifa waliifanya kwa sarafu lazima ifanywe na mtu mwingine. Santiago yenyewe ililipa ada ya somo hilo. Februari 2007 ilibadilisha mfumo wake wote wa mabasi kwa siku moja, ikaondoa malipo kwa kichwa, lakini mabasi, njia maalumu na vyombo vya kuyasimamia havikuwa vimekamilika. Foleni ndefu vituoni ziligeuka kuwa suala la kisiasa la nchi nzima.

Barabara ni ya watu wangapi?

Dawa ya kwanza iliyothibitika ni kulitenga basi na chanzo cha ile dakika moja. Mji wa Curitiba nchini Brazil, chini ya meya wake Jaime Lerner aliyekuwa msanifu majengo, ulianza mwaka 1974 kuyapa mabasi njia zao wenyewe katikati ya barabara. Mwaka 1991 ukaongeza vituo vyenye umbo la bomba, ambamo abiria hulipa nauli kabla basi halijafika, na sakafu ya kituo huwa sawa na sakafu ya basi. Milango hufunguka yote kwa pamoja, watu huingia bila kupanda ngazi wala kusubiri chenji. Kwa kuzingatia hesabu iliyotolewa hapo juu, msomaji ataona kwamba uzuri wa vituo hivyo haumo katika umbo lake. Umo katika zile sekunde 3 zilizoondolewa kwa kila abiria.

Bogotá ilifuata Desemba 2000 kwa mfumo uitwao TransMilenio. Kampuni za mabasi zikaanza kulipwa kwa kilometa zilizoendeshwa, si kwa vichwa vya abiria, na vita ya senti ikakoma katika njia hizo. Mfumo huo umepimwa ukibeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa upande mmoja katika njia yake yenye watu wengi, kiwango ambacho zamani kilidhaniwa kuwa cha reli peke yake.

Dar es Salaam iliingia katika orodha hiyo Mei 2016, ilipoanza huduma ya mabasi yaendayo haraka katika njia ya takriban kilometa 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Wananchi waliyaita mwendokasi. Huduma ilianza na mabasi 140, na mtu wa Kimara aliyezoea kukaa foleni Barabara ya Morogoro aliona tofauti tangu wiki za mwanzo. Lakini mji huo ulionyesha pia kwamba njia ya pekee hailindi pengo kwa kila hali. Bonde la Jangwani, ambalo njia hiyo hulikatisha na ambalo gereji ya mabasi hayo ilijengwa ndani yake, lilijaa maji katika misimu ya mvua kubwa, na huduma ikasimama mara kadhaa. Na njia inapokuwa na mabasi pungufu ya mahitaji, abiria hujaza mlango, mlango hauwezi kufungwa, na zile sekunde zilizookolewa na jukwaa hurudi zote.

Si lazima kila mji ujenge barabara mpya. Wakazi wa Zürich nchini Uswisi, kwa kura ya mwaka 1973, walikataa mpango wa reli ya chini ya ardhi. Miaka minne baadaye, mwaka 1977, walikubali kwa kura faranga milioni 200 ili kuziwezesha tramu na mabasi yaliyokuwapo kwenda bila kukwama. Fedha hizo zilitumika katika mambo yasiyoonekana kwa urahisi: kutenganisha njia ya tramu na ya motokaa, na kuweka vyombo barabarani vinavyoitambua tramu inapokaribia njia panda na kuifungulia taa ya kijani. Tramu haikupewa kasi kubwa kuliko ya zamani. Ilipunguziwa vikwazo, na saa zake zikawa za kuaminika.

Kanuni ya kujizuia

Dawa ya pili haihitaji saruji wala taa. Mwaka 2012 wataalamu wawili wa Marekani, Bartholdi na Eisenstein, walichapisha kanuni waliyoijaribu kwa mabasi ya chuo kikuu kimoja mjini Atlanta. Katika kituo cha udhibiti, kila basi linalofika huzuiwa kidogo kabla ya kuondoka. Muda wa kuzuiwa hutegemea pengo lililopo kati yake na basi linalofuata nyuma: basi la nyuma likiwa mbali, la mbele hungoja zaidi, likiwa karibu, la mbele huondoka mapema. Hakuna ratiba inayofuatwa. Basi likiharibika na kuondolewa, yaliyobaki hujipanga upya, na baada ya mizunguko kadhaa mapengo hurudi kuwa sawa.

Ni dhahiri kwamba kanuni hii ni ile ya wauza taarifa wa Lima iliyogeuzwa. Taarifa ni ile ile, yaani mwenzangu yuko umbali gani, lakini inatumika kumtunza abiria badala ya kumvuna. Vyombo vya kuipata vimekwisha enea. Kati ya mwaka 2012 na 2014 watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi na kuandika kila njia na kila kituo. Januari 2014 walichapisha ramani ya njia za matatu za Nairobi, kazi ambayo kabla yake haikuwa imefanywa kwa ukamilifu. Ikiwa simu ya mfukoni inaweza kuchora njia za mji mzima, inaweza pia kumwambia dereva kwamba mwenzake yuko dakika 2 mbele yake na kwamba yafaa asubiri.

Ugumu uliopo si wa ufundi. Dereva mwenye kudaiwa hesabu jioni hawezi kuombwa asubiri kwa faida ya watu asiowajua. Kujizuia kwawezekana pale tu malipo ya dereva yanapotegemea kazi aliyoifanya, na pale anapokuwapo msimamizi mmoja anayeyaona mabasi yote ya njia. Kwa hiyo hesabu ya mapengo na hesabu ya mwenye gari haziwezi kutengenezwa mbalimbali.

Nani anayelipia pengo

Katika bajeti za miji, mafuta, matairi na mishahara huandikwa kwa shilingi. Muda wa abiria hauandikwi popote, na kitu kisichoandikwa huonekana kuwa cha bure. Ukweli ni kwamba unalipwa kila siku, na wanaoulipa zaidi ni wale wasio na njia nyingine.

Mtu anayetakiwa kazini saa 1 kamili asubuhi hapangi safari yake kwa kufuata wastani. Akifanya hivyo atachelewa karibu siku moja kati ya mbili, na hakuna mwajiri atakayemvumilia. Hupanga kwa kufuata siku mbaya. Ikiwa safari yake huchukua dakika 40 kwa wastani, lakini mara moja kwa wiki huchukua dakika 90, basi kila siku hana budi kutoka nyumbani dakika 90 kabla. Kwa siku nne za wiki hufika mapema na kukaa bure langoni. Dakika hizo 50 za tahadhari hazionekani katika takwimu yoyote ya kungoja, kwa kuwa zimetolewa katika usingizi wake, au katika muda wa kumwandaa mtoto kwenda shule. Mchuuzi wa samaki anayetoka feri hulipa pengo hilo kwa samaki wanaoanza kulegea. Mwanafunzi hulilipa kwa somo la kwanza la asubuhi, na jioni kwa kufika nyumbani giza limeingia. Mgonjwa wa kliniki hulilipa kwa kukuta foleni imekwisha funga.

Mwenye motokaa naye hukaa katika msongamano, lakini hukaa kitini, na huondoka saa aitakayo. Kwa hiyo kusawazisha mapengo ya mabasi ni namna ya kugawanya muda kwa haki miongoni mwa wakazi wa mji mmoja, na ni hatua isiyo ghali ikilinganishwa na barabara za juu.

Jaribio la kufanywa kituoni

Msomaji anaweza kuihakikisha kanuni hii mwenyewe, na walimu wa hisabati wanaweza kuwapa wanafunzi wao kazi hii kwa siku moja. Vinavyohitajika ni saa, kalamu na karatasi. Chagua kituo chenye magari ya njia moja inayojulikana, usimame hapo kwa saa mbili, na uandike saa na dakika ya kila gari linalopita. Toa saa ya gari la kwanza katika saa ya gari la pili, na kuendelea hivyo, ili upate orodha ya mapengo.

Kwanza, jumlisha mapengo yote na ugawanye jumla hiyo kwa idadi yake, kisha uchukue nusu. Huo ni muda wa kungoja ambao ofisi ingeutangaza. Pili, tafuta kipeo cha pili cha kila pengo, ujumlishe vipeo hivyo, na ugawanye jumla yake kwa jumla ya mapengo yenyewe ukiizidisha kwa mbili. Huo ni muda wanaoungoja watu kwa kweli. Kwa mapengo ya 18 na 2, mathalani, vipeo ni 324 na 4, jumla 328. Ukigawanya kwa 40 utapata dakika 8.2 zile zile.

Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo kodi wanayotozwa abiria wa njia hiyo kwa mapengo yasiyo sawa. Ikiwa tofauti ni ndogo na bado watu wanangoja sana, njia hiyo inahitaji magari zaidi. Ikiwa tofauti ni kubwa, kuongeza magari kutaongeza misafara, na jambo la kushughulikia kwanza ni milango, malipo ya dereva na usimamizi wa kituo cha mwanzo. Karatasi yenye namba hizo, ikipelekwa na wananchi au na shule katika mkutano wa kata au kwa mamlaka inayotoa leseni za njia, ina uzito kuliko malalamiko ya mdomo, kwa sababu inataja ni lipi kati ya magonjwa mawili linalotakiwa kutibiwa.